Kodi ya feni ya rejeta: usome mwenyewe kwa simu, umwite fundi umeme, au upeleke gari kwenye mashine?

Taa ya injini imewaka, mtu kaisoma gari yako, kakutolea kodi ya P0480, yaani namba ya kasoro inayoandikwa na kompyuta ya gari, kisha kakwambia: "Feni imekufa, tafuta nyengine." Ukinunua feni kwa neno hilo tu, unaweza kurudi nyumbani na feni nyengine na taa ile ile. Sababu iko kwenye namna kodi hii inavyotokea. Kwa kodi hii, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haiioni feni. Inauona waya mwembamba unaotoka kwake kwenda kwenye rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, na inaangalia kama umeme wa waya huo unapanda na kushuka kila inapotoa amri. Ikikuta haufuati, inaandika P0480. Kwenye gari nyingi zenye rilei za kawaida, mota ya feni inaweza kuungua kabisa na kodi hii isitoke. Na inaweza kutoka hali ya kuwa mota ni nzima.

Kwa hiyo wengi wetu tunakosea swali. Tunauliza feni inauzwa wapi, na ilitakiwa tuulize nani apime, na apime kwa kitu gani. Hapa Zanzibar njia ni tatu: kifaa kidogo cha Bluetooth unachochomeka mwenyewe na kusoma kwa simu, fundi umeme wa magari mwenye mita ya umeme na taa ya kupimia, na gereji yenye mashine kubwa ya kupimia. Zote tatu zina kazi yake. Tabu inakuja pale moja inapofanywa ijibu swali la nyengine.

Kwanza zijue kodi zenyewe

P0480 ni njia ya amri ya feni ya kwanza, P0481 ya pili, P0482 ya tatu kwa gari iliyo nayo. P0691 na P0692 zinazungumzia njia hiyo hiyo ya feni ya kwanza: umeme uko chini mno, au juu mno. P0483 maana yake feni haifanyi kile ilichoamriwa. P0484 ni feni kuvuta umeme kupita kiasi, na hapo ndipo mota yenyewe inapostahili kushukiwa mwanzo. P0485 ni umeme wa kuingia kwenye feni au waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. P0117 na P0118 ni sensa ya joto la maji. Zinahusika kwa sababu kontroli boksi huwasha feni kwa kuisikiliza sensa hiyo. P0217 ni habari ya matokeo tu: injini imepata joto kupita kiasi.

Gari ambayo feni yake inazungushwa na injini kwa mkanda kwa kawaida haitakupa kodi hizi za umeme wa feni. Kama ndiyo yako, na inachemsha, tafuta kwengine: mkanda, klachi ya feni, rejeta.

Mambo matano ya kupimia njia hizi

Nitazilinganisha kwa mambo yale yale: inakwambia nini, inakuficha nini, inakula muda na fedha kiasi gani, ina hatari gani kwa gari na kwa mtu, na inamfaa nani.

Lakini kabla hujampigia mtu simu, fanya uchunguzi wa bure. Jiulize gari inachemsha wapi. Ikiwa inatoka Makunduchi mpaka Tunguu bila wasiwasi, halafu joto linapanda ikisimama kwenye foleni ya Darajani jioni ya Ramadhani, mshukiwa ni feni au umeme wake. Gari ikikimbia, upepo unapita wenyewe kwenye rejeta na feni haina kazi kubwa. Ikisimama, feni ndiyo tegemeo. Ikiwa ni kinyume, yaani inatulia foleni lakini inachemsha ikiwa mbio au ikipanda vilima vya Pemba na mzigo, feni si wa kwanza kulaumiwa. Tazama rejeta iliyoziba, pampu ya maji, thamostati (mlango unaoyafungulia maji njia ya rejeta yakipata joto), mfuniko wa rejeta uliolegea. Maji ya visima vyetu yanatoka kwenye mawe ya matumbawe na yana chokaa. Ukiyatia kwenye rejeta mwaka baada ya mwaka badala ya kulanti (maji maalumu ya rejeta), yanaacha ukoko ndani ambao feni yoyote haitauondoa.

Jambo la pili la bure: washa injini, washa kiyoyozi, usikilize. Kwenye gari nyingi feni inatakiwa iamke karibu mara moja. Feni ile ile ikiamka kwa kiyoyozi lakini haiamki kwa joto, mota ni nzima. Umeshaokoa pesa ya feni, na una habari ya maana ya kumpa yeyote atakayepima. Weka vidole mbali: feni ya umeme inaweza kuanza wakati wowote, na kwenye baadhi ya gari hata swichi ikiwa imezimwa.

Kifaa cha Bluetooth na simu

Ni kile kidude kinachoingia kwenye soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi, upande wa dereva. Unaweka programu kwenye simu, unaunganisha, na kodi zinatoka.

Kinakwambia kodi ipi imeandikwa, na zaidi ya hapo kinaonyesha joto la maji kwa namba, injini ikiwa inafanya kazi. Hilo la pili wenye Vitz na Passo walithamini sana, maana gari hizo nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya buluu ya ubaridi na nyekundu ya hatari, na katikati huoni kitu. Kwenye simu utaliona joto likipanda, likipita nyuzi 82 au hapo karibu thamostati inapofunguka, likaingia tisini na kitu ambapo feni inatakiwa iwake, kisha likashuka. Likiendelea kupanda mpaka 100 na zaidi, na feni kimya, umepata ushahidi. Na simu ikikuonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri mchana wa kaskazi, waya wa sensa umekatika au plagi yake imechomoka.

Jengine ambalo watu hawalitumii: programu nyingi zinaonyesha hali iliyokuwepo kodi ilipoandikwa, yaani joto, mwendo na mzunguko wa injini kwa wakati ule. Ipige picha. Ukifuta kodi kabla ya kuiandika, habari hiyo inapotea, na fundi atakayekuja nyuma yako ataanza gizani.

Kinakuficha sababu. Hakijui kama ni rilei, fyuzi, plagi yenye kutu au kontroli boksi. Na vifaa vingi vya bei rahisi haviwezi kuiamuru feni iwake, vinasoma tu. Kwa gari za Japani za miaka ya nyuma, baadhi hazifunguki kabisa kwa kifaa hichi, kwa sababu zilitengenezwa kwa soko la kwao na zinatumia lugha ya kiwanda. Jaribu kifaa cha mwenzako kwenye gari yako kabla hujanunua chako.

Gharama yake ni ndogo na unailipa mara moja. Muda ni dakika chache. Hatari kwa gari ni ndogo pia, ila usikiache kimechomekwa siku nzima gari ikiwa imelala, kitakula betri. Hatari kubwa iko kwa msomaji: mtu anaona neno "feni" kwenye simu na kwenda moja kwa moja duka la spea.

Kinamfaa mwenye gari anayetaka kujua kama anaweza kufika nyumbani, anayefuatilia kodi inayokuja na kuondoka, na anayekwenda kukagua gari ya kununua mkononi mwa mtu.

Fundi umeme na mita yake

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu kwa gari zilizo nyingi hapa kwetu, na kwa hewa yetu ya bahari, ndipo jibu linapopatikana mara nyingi.

Gari inayolala Jambiani, Nungwi au karibu na bandari ya Mkoani inapigwa na hewa ya chumvi usiku kucha. Shaba ikikutana na chumvi na unyevu inatoa unga wa kijani, na unga huo hukaa pale usipopaona: ndani ya soketi ya rilei, ndani ya plagi ya feni, chini ya skrubu ya waya wa hasi. Mashine haiuoni. Macho na mita ndiyo yanayouona.

Nilisimama pembeni ya fundi mmoja Kiembesamaki wakati anaing'oa rilei ya feni ya Noah ambayo kwengine ilishabadilishiwa feni mara mbili kwa kodi ya P0480. Akaigeuza rilei mbele ya jua. Miguu mitatu ilikuwa inang'aa. Wa nne, mmoja wa ile miwili midogo inayopokea amri, ulikuwa umeliwa mpaka nusu, na tundu lake limejaa unga wa kijani. Mwenye gari akauliza, "Sasa zile feni mbili, mwanangu?" Fundi akamjibu kwa upole, "Mama, zote zilikuwa nzima." Akasafisha tundu, akakaza kibati cha ndani, akatia rilei nyengine, na feni ikaamka.

Fundi mzuri anakwambia tatizo liko upande upi wa rilei. Rilei ya kawaida ina miguu minne: 85 na 86 ni ya amri, 30 na 87 ni ya umeme mkubwa unaokwenda kwenye mota. Upande wa amri ndio unaozaa P0480. Upande wa pili unaweza kuinyima feni umeme bila kodi yoyote. Kipimo chake cha kwanza huwa ni kubadilishana: anachukua rilei ya aina ile ile kutoka kwenye honi au sehemu nyengine na kuiweka kwenye feni. Cha pili ni kuipa feni umeme wa betri moja kwa moja, kwa waya wenye fyuzi, aone kama inazunguka kwa nguvu au inajivuta. Cha tatu ni umeme kwenye plagi ya feni wakati inafanya kazi: injini ikiwashwa betri inatakiwa isome kati ya volti 13.5 na 14.5, ikiwa kwenye plagi mita inasoma 10 tu, umeme unapotea njiani na feni inazunguka kivivu.

Tena angalia kama anatumia taa ya kupimia pamoja na mita. Waya uliooza, umebaki unyuzi mmoja, utaionyesha mita volti 12 kamili kwa sababu mita haivuti umeme. Taa ya balbu inavuta; ikiwaka hafifu, ugonjwa umejionyesha. Fundi anayejua hilo, mwamini.

Anachokuficha, au kinachomshinda, ni gari ambazo feni yake haiwashwi na rilei bali na moduli inayobadilisha kasi kidogo kidogo. Umeme wake unakatwa na kurudishwa kwa haraka sana, mita ya kawaida inasoma wastani tu, volti 5 au 7, na mtu anaweza kusema waya mbovu kumbe ni mzima. Gari za haibridi, zenye injini na mota ya umeme pamoja, ziko nyingi za namna hii.

Gharama ni ya ufundi wa saa moja au mbili, na fundi umeme unampata Unguja na Pemba, hata shamba. Muda unategemea foleni yake. Hatari ni mbili. Wapo wanaotoboa ngozi ya waya kwa sindano ili wapime. Kwa hewa yetu hilo ni kosa kubwa: tundu lile linaingiza unyevu wa chumvi, na miezi mbele waya unaoza kutokea ndani. Mwombe apime kutoka nyuma ya plagi, na kama ametoboa, azibe. Hatari ya pili ni fundi anayeruka vipimo na kusema "tuiunge moja kwa moja", nitaizungumza chini.

Anamfaa mwenye gari ya rilei za kawaida, gari inayokaa karibu na pwani, na mtu anayetaka iondoke siku hiyo hiyo.

Mashine kubwa ya gereji

Nguvu yake si kusoma kodi. Kodi hata simu inasoma. Nguvu yake ni kutoa amri. Mpimaji anaingia kwenye injini, anachagua feni, anabonyeza iwake. Feni ikizunguka, njia yote ni nzima kwa wakati huo, na tatizo ni la kuja na kuondoka au ni la sensa inayodanganya. Rilei ikilia "tik" lakini feni isizunguke, tazama mota, fyuzi kubwa au hasi. Pasiposikika kitu, tazama rilei yenyewe, waya wa amri, au kontroli boksi. Kwa dakika chache eneo la kutafuta limepungua sana. Tena inasoma kodi za kiwanda zinazoanza na P1, ambazo kifaa cha simu mara nyingi hakizifasiri, na inaelewana na gari za Japani zinazokikataa kifaa cha Bluetooth.

Inaficha kutu. Inaweza kukwambia njia ya amri ina kasoro na isijue kama kasoro ni unga wa kijani wa kupangusa au kontroli boksi ya kubadilisha. Mtu akikwambia ununue kontroli boksi kwa neno la mashine peke yake, bila mita kushuka kwenye soketi, usitoe pesa.

Gharama ni kubwa kuliko njia mbili za mwanzo, na wengine wanatoza kwa kusoma tu, kazi ikiwa mbali. Uliza kabla gari haijaingia: "Mtaiamuru feni kwa mashine, au mtasoma kodi mnipe karatasi?" Jibu la swali hilo ndilo la kulipia au kutolipia. Kwa gari yenyewe hatari ni ndogo, ila mpimaji asifute kodi kabla ya kuziandika.

Inawafaa wenye haibridi na gari za karibuni zenye moduli ya feni, wenye kodi kadhaa kwa pamoja, na waliokwisha kupita kwa fundi umeme na jibu halijapatikana.

Kuunga feni moja kwa moja

Hii si kipimo, lakini wengi huishia hapa, kwa hiyo niiseme kwa haki. Feni inapewa umeme kwa swichi ndani ya gari, au izunguke muda wote injini ikiwaka. Ukiwa umekwama njiani, na ukatumia waya mnene wenye fyuzi na rilei, inakufikisha na inaokoa injini. Kama dawa ya kudumu siikubali. Kodi itabaki, na ikibaki huwezi kujua taa imewaka kwa feni au kwa jambo jipya. Swichi ya mkono inategemea kumbukumbu ya dereva, na gari ikiazimwa na ndugu asiyejua, silinda hedi (kichwa cha injini) inapinda. Na waya mwembamba usio na fyuzi unaweza kuwaka moto.

Kwa hali yako

Taa nyekundu ya joto ikiwaka, hakuna kupima. Zima kiyoyozi, simama pembeni, zima injini. Usifungue mfuniko wa rejeta mpaka uweze kuushika kwa mkono mtupu bila kuungua. Maji yaliyo chini ya mgandamizo yanavuka nyuzi 100 bila kuchemka, na ukifungua yanaruka usoni.

Kama taa ya injini imewaka lakini joto limetulia, na unakwenda kazini mjini na kurudi, anza na kifaa cha simu. Tazama joto kwenye foleni, piga picha ya kodi na hali iliyoandikwa, kisha mpelekee fundi umeme ushahidi huo.

Gari ya abiria au teksi, ambayo kila siku ya kusimama ni riziki inayopotea, nenda moja kwa moja kwa fundi umeme asubuhi, umwambie mapema kama feni inaamka kwa kiyoyozi. Mwombe aanze kwenye soketi ya rilei.

Ikiwa ni haibridi au gari ambayo feni yake inabadilisha kasi, usimalize pesa kwenye rilei. Mashine kwanza, halafu mita kwa yule anayeijua moduli.

Kama kodi inatokea siku za mvua ya masika na kupotea jua likitoka, hakuna mashine itakayoikamata gari ikiwa kavu. Acha kifaa kiiandike, na umwombe fundi afungue plagi zote za feni moja moja, azipanguse, azirudishe zikiwa na grisi ya umeme.

Na kama uko Pemba na spea lazima iagizwe Unguja au Dar, maduka mengi hayarudishi kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa. Kabla hujatuma pesa, pata vitu viwili kutoka kwa fundi wako wa Wete au Chake: feni ilipewa umeme wa betri ikafanya nini, na rilei ilipobadilishwa ikawa nini. Feni ikizunguka kwa nguvu kwenye betri, usiagize feni.